Wageni wa Kulipia

Mume wangu husema nikifa nisizikwe, niegemezwe tu kwenye sofa la sebuleni, hakuna atakayegundua tofauti. Huo ni uzushi, kwa sababu mimi natoka. Natoka kwenda kazini, kwenye jiko la shule ya msingi iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu, ambako napakua chakula cha watoto. Natoka kwenda dukani. Halafu narudi. Hapa Carrollton, pembeni mwa Dallas, Texas, watu wanaendesha gari barabara kuu mbili tatu kwenda kula wali uleule ambao mimi ninao kwenye sufuria, na nikiwauliza kwa nini, wananiambia ni kubadilisha mazingira. Mazingira yangu mimi hayajanikosea kitu. Kiti changu nakijua, nacho kinanijua, tumeshafinyangana.

Niliishia kidato cha nne, na jiografia nilipata alama ambayo sitaitaja mbele za watu. Labda ndiyo maana dunia sijawahi kuitamani.

Lakini niletee wageni, hapo ndipo utaniona. Watanzania wenzetu wa Houston wakija huku kwa harusi, kwa msiba, au kumleta mtoto kuona chuo, wanashukia kwetu. Sisi tukienda Houston tunashukia kwao. Hakuna anayeuliza kama kuna nafasi, maana nafasi inatandikwa. Matakia ya sofa yanashushwa chini, mablanketi yanatolewa kabatini, watoto wanalazwa huyu kichwa huku na yule kichwa kule, na asubuhi foleni ya bafuni inakuwa ndiyo mazungumzo yenyewe. Kuna mke na mume wa Houston waliwahi kuja kwenye harusi Plano, jirani na kwetu, wakachukua hoteli jirani na ukumbi. Walikuwa na mtoto mchanga asiyelala, hawakutaka kutusumbua. Nilizisikiliza sababu zao zote, nikasema haina neno. Kisha nikampigia simu kila ninayemjua nikamwambia wale watu wametudharau. Walipie kitanda kwenye mji ambao mimi nipo, mzima, na mablanketi yangu yapo?

Nasema haya ili ieleweke kwamba sheria naijua. Sikuivunja kwa ujinga. Niliivunja kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nina dada mmoja, wa tumbo moja, na yuko Uingereza. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado namwaga uji nguoni, na dada alikuwa msichana ambaye vijana walishaanza kupita pita mbele ya nyumba kwa visingizio. Akaacha vijana, akashika uji. Sare zangu za shule alizifua yeye, alizipiga pasi yeye, na nikiwa ndani yake alinichapa yeye. Baadaye mimi nikamfuata mume Texas, na yeye akaifuata kazi ya kutunza wazee kwenye mji mmoja wa kale kule Uingereza, mji ambao jina lake lina herufi nyingi na nusu yake hazitamkwi. Tangu hapo hatujaonana ana kwa ana. Tulipoagana binti yangu alikuwa tumboni. Sasa ana miguu mirefu kuliko yangu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na mama yake mkubwa anamjua kama paji la uso tu, kwa sababu dada hajawahi kujifunza kuishika simu vizuri.

Yeye kuja kwetu ilikuwa haiwezekani. Karatasi zake zilikuwa zinashughulikiwa, na akitoka nchini huenda mlango ungefungwa nyuma yake. Ilibidi twende sisi. Mume wangu akapata likizo, binti akafunga shule, na hoja zangu zote za kubaki nyumbani zikaisha kama sabuni.

Sasa, kwenye simu, nyuma ya lile paji la uso, nilikuwa nimekichunguza chumba cha dada kwa miaka. Kuna kitanda. Nyuma ya kitanda kuna jiko. Nyuma ya jiko kuna mlango, na nje ya mlango kuna bafu analotumia pamoja na wapangaji wengine. Nikajipiga hesabu sisi watu watatu ndani ya kile chumba, binti na ile miguu, mume wangu anayekoroma kama mashine ya kupulizia majani, na mimi ninayetaka kila kitu mahali pake. Nikamwonea dada huruma. Akitoka kazini amechoka, aturuke kama mitaro. Nikasema hapana, tutajitafutia pa kulala, tumpunguzie mzigo.

Binti ndiye aliyeiona ile nyumba mtandaoni. Nyumba ya mawe, ya wageni wa likizo, ndani kabisa ya mji wa zamani, kwenye uchochoro ambao magari hayapiti. Mlango wa bluu, mawaridi yamepanda ukutani mpaka dirisha la juu, na ndani jiko lenye sahani zimepangwa kwa ukubwa. Kwa mguu mpaka kwa dada ni mwendo wa kutoa jasho kidogo tu. Dirishani kulikuwa na kiti, na kando ya kiti taa, na kando ya taa meza ya kuwekea kikombe. Nikakiangalia kile kiti kwa muda mrefu. Siku zote nilisikia watu wanasafiri kwenda kuona dunia. Sikujua kumbe mtu anaweza kusafiri kwenda kukaa nyumbani.

Tukaikodi siku ileile. Mume wangu akawatangazia Watanzania wenzake kazini kwamba tumepanga nyumba ndogo Uingereza, na wakampa hongera na pole kwa pamoja.

Nikamtumia dada picha. Ile ya mawaridi. Nikaandika kwamba asijisumbue na lolote, tumeshapata pa kufikia, yeye apumzike tu.

Dada ni mtu wa kujibu kwa sauti, ujumbe mrefu wa kuanzia salamu za majirani hadi bei ya vitunguu. Siku hiyo aliandika neno moja: "Hongereni." Nikapiga, hakupokea. Kesho yake nikapiga, hakupokea. Baada ya siku kadhaa ikaja sauti, fupi, iliyonyooka kama ya mtu wa benki. Alisema amefurahi tumepata mahali pazuri. Alisema tukishafika tumjulishe, na akiwa na nafasi atapita kutusalimia.

Atapita kutusalimia. Mimi niliyelala ubavuni kwake mpaka nikaota matiti.

Mume wangu alisema labda amechoka tu. Binti alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba mbona mama mkubwa amejibu kwa adabu. Nikamwambia hiyo adabu ndiyo yenyewe. Watu wa nyumba moja hawafanyiani adabu namna hiyo.

Nilimpigia shangazi yetu wa Houston, mdogo wake baba, nikimwomba azungumze na dada kwa niaba yangu. Shangazi akanikatisha. Akasema jambo la hivyo haliletwi kwa simu, linaletwa kwa miguu, na akakata. Basi mimi, ambaye kufuata barua kwenye sanduku la nje najishauri kwanza, nikaingia kwenye gari kwenda Houston. Mume wangu aliendesha akipiga mluzi. Alisema tangu anioe hajaniona nikijifunga mkanda kwa moyo mmoja hivyo.

Tulimkuta shangazi ametoka zamu hospitalini, miguu yake imo kwenye beseni la maji ya moto, televisheni inamwangalia yeye. Nikampa shikamoo, nikakaa chini kwenye zulia, nikaeleza. Alicheka kwanza. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, akamwagiza mume wangu alete taulo. Halafu akazima televisheni.

"Kwa hiyo ulimhurumia," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Alikuomba?"

Nikaanza kuchambua nyuzi za zulia.

"Dada yako kazi yake ni kwenda kwenye nyumba za watu. Anawaogesha, anawalisha, anawatandikia, anaondoka. Miaka yote hiyo yeye ndiye wa kubisha hodi. Safari hii kwa mara ya kwanza kaomba likizo ili na yeye awe na wageni wake, ameshajiandaa, ameshawaambia wapangaji wenzake. Wewe ukamtumia picha ya maua."

Nikasema basi tughairi ile nyumba, twende tukalale kwake, hata kwa kusimama. Shangazi akatikisa kichwa. Alisema nikighairi sasa, dada atajua nani kanieleza, na atakuwa amepewa wageni kwa kuombewa, kama msaada. Hilo hatalikubali na yeye shangazi hatalibeba.

"Umeharibu mwenyewe," akasema, "katengeneze mwenyewe. Na kabla hujaenda, nisugue hiki kisigino."

Tukalala kwake, kwenye matakia ya sofa, bila kuulizwa. Alfajiri tukarudi Dallas, na Houston nzima ilishajua habari kabla hatujatoka kwenye mitaa yake.

Tulifika Uingereza mvua ikinyunya, ile mvua yao isiyoanza wala kuisha. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni, na treni ikatuteremsha kwenye mji wenye ukuta wa kale umeuzunguka, na kanisa kuu ambalo lilishazeeka wakati Texas haijapata hata jina. Barabara zimepandwa mawe, na magurudumu ya masanduku yetu yalipiga kelele kiasi kwamba mapazia yalifunguka. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichopigiliwa ukutani, chenye tarakimu za kuzungusha. Mume wangu alizungusha, akazungusha tena, mpaka binti akamsogeza pembeni akafungua kwa dole gumba.

Ile nyumba ilikuwa kama kwenye picha, ila picha haikusema urefu. Mume wangu alipiga kichwa kwenye mlango, akainuka akapiga kwenye boriti ya sebuleni, akarudi nyuma akapiga kwenye mlango tena. Ngazi ilikuwa imesimama wima kama ya kupandia darini. Kabati letu la nguo la Carrollton lingelimeza lile jiko na kubaki na nafasi ya viatu. Bafuni kulikuwa na mabomba mawili, moja linatoa barafu na la pili linatoa moto, na mchanganyo unaufanya mwenyewe kwenye viganja. Jikoni mwenye nyumba ametuachia maziwa, mkate na kikopo cha jamu. Nikachemsha chai, nikakaa kwenye kile kiti cha dirishani, na kwa muda wa kikombe kimoja nakiri nilisahau kila kitu. Kilinikubali mara moja. Mume wangu akasema tumevuka bahari yote ile ili nibadilishe upande wa kuegemea.

Kisha nikampigia dada. Akasema karibuni Uingereza. Akasema kesho saa kumi atapita.

Saa kumi kamili mlango uligongwa. Kuna kile chuma cha kugongea, chenye umbo la mkono. Aligonga, akangoja nje mpaka nikafungua. Dada yangu, ambaye maisha yake yote hufungua milango kwa goti kwa sababu mikono imejaa.

Alikuwa amepungua. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na miwani sikuijua. Alinikumbatia na kwa sekunde nikasikia mikono ileile, halafu ikalegea, akajinyoosha kama mtu aliyekumbuka jambo. Binti alikuwa amefanya mazoezi tangu Dallas. Akapiga goti kidogo, vibaya, kama mtu anayetafuta hereni chini, akasema, "Shikamoo, mama mkubwa." Midomo ya dada ikacheza. Akamshika binti mashavu, akamtazama sana, akaitikia marahaba.

Lakini koti hakuvua. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alikuwa ameleta boksi la biskuti lenye utepe, zile ambazo unampelekea mtu usiyejua anapenda nini. Akauliza safari ilikuwaje. Akamuuliza shemeji yake kama hali ya hewa haijamsumbua. Nikamletea chai akasema asante, nikamletea sukari akasema asante, nikasogeza meza akasema asante. Maisha yangu yote dada hajawahi kuniambia asante. Neno lake kwangu ni lete. Akageuza macho kwenye boriti, kwenye sahani, kwenye mawaridi yaliyochungulia dirishani.

"Pazuri," akasema. "Mmepata pazuri."

Halafu akatazama saa, chai haijafika nusu, akasema anaomba kutuaga. Mume wangu, ambaye huwa hakosi la kusema, alinitazama mimi.

Nilimfuata nje na kandambili kwenye yale mawe yaliyolowa. Alikuwa anatembea haraka, mkoba kifuani. Niliona akifika kona tumekwisha. Tungekaa siku zetu zilizobaki tukipiga picha za kanisa, tungerudi Texas, na binti yangu angekua akijua kwamba mama mkubwa ni mtu mwenye adabu.

"Dada."

Akasimama, hakugeuka.

"Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Mimi nilikwambia ni mzigo?"

"Una chumba kimoja."

Hapo akageuka. "Tulilala wangapi kwenye chumba kimoja, na kisigino chako kwenye pua yangu? Nani alilalamika? Wageni wangu ningewalaza ninavyojua mimi. Ningelala jikoni, ningelala kwenye beseni, hilo ni langu. Wewe umekaa huko Amerika ukanipimia chumba changu."

Nilikuwa nimepima kweli, tena kwa miaka. Niliingiza mikono mfukoni kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya aibu, na mfukoni mlikuwa na ufunguo. Mimi ufunguo wa nyumba huwa siutoi mwilini, hata nikiwa ndani. Nikaushika, nikaangalia ule mlango wa bluu. Nyumba yenyewe ilikuwa si yangu. Haikuwa ya yeyote kati yetu, na pale ndipo nikaona mwanya.

"Chukua," nikasema.

"Wa nini?"

"Nyumba ni yako. Sisi tumekuja kwako. Ni wageni wako, tulaze unavyojua."

"Usinichezee."

"Sichezi, dada. Sitaingia tena humo mpaka unikaribishe."

Aliuangalia ufunguo kwenye kiganja changu kwa muda, mvua ikiudondokea.

"Shemeji amekubali?"

"Shemeji hajaulizwa."

Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda kidogo, ule upande ambao hupanda kabla hajanichapa. Akauchukua ufunguo, akautia mkobani, akafunga zipu. Kisha akakata kona akaenda zake.

Nilirudi nikamweleza mume wangu. Akauliza kama nimempa ufunguo wetu. Nikasema wake. Akauliza anarudi saa ngapi nao, nikasema sijui kama anarudi. Mume wangu akakaa chini taratibu, akiepuka boriti. Hatukuweza kutoka kwa sababu tusingeweza kufunga mlango, na hatukuweza kukaa kwa amani. Kile kiti cha dirishani nilikikalia safari hii bila raha, nikiangalia uchochoro. Alipita mzee na mbwa. Akapita mwanamke na mwavuli. Binti aliniuliza kama nitalia, nikamwambia mimi nachunguza hali ya hewa.

Halafu teksi ikaja ikasimama mwishoni mwa uchochoro, pale magari yanapoishia, na dada akaanza kushusha. Sufuria kubwa ndani ya sufuria kubwa zaidi. Mfuko wa mchele. Mashuka mapya bado kwenye nailoni. Magodoro ya kupuliza, mawili, kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, pamoja na pampu yake. Nikaelewa shangazi alimaanisha nini aliposema ameshajiandaa. Dereva wa teksi alimsaidia mpaka mlangoni. Sisi watatu tulisimama sebuleni. Tukasikia ufunguo unaingia na kuzunguka. Mlango ulikuwa haujafungwa, kwa hiyo aliufunga, halafu akaufungua.

Akaingia, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyie mnafanya nini humu?"

Mume wangu akaanza kujieleza.

"Tokeni," akasema dada. "Na masanduku yenu."

Tukatoka. Tukasimama kwenye mawe na masanduku yetu yote, kwenye manyunyu, binti akiwa amebeba mto wa safari shingoni. Yule mzee wa mbwa alikuwa anarudi, akatuinamishia kichwa kwa heshima, akapita. Ndani tulisikia vitu vinaburuzwa. Kiti kilihama. Meza ilihama. Maji yalifunguliwa, yale ya moto, kisha sauti ya dada ikiyalaani. Binti aliuliza, kwa Kiingereza, tunangoja nini hasa. Mume wangu akamjibu kwa Kiswahili kwamba tunangoja tufike.

Kimya kilipoingia nikasogea mlangoni.

"Hodi," nikasema.

Nikagonga kwa ule mkono wa chuma.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Wageni."

"Wa kutoka wapi?"

"Texas, dada."

Mlango ukafunguliwa wote. Koti lilikuwa limevuliwa. Amejifunga khanga kiunoni, mikono ina maji, miwani imepanda kichwani, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya kitunguu kinachoanza kuiva.

"Karibuni," akasema. "Karibuni sana. Mbona hamkusema mnakuja?"

Akanikumbatia mara ya pili, na hii haikulegea. Alilia bila haraka, mkono mmoja mgongoni kwangu na wa pili unamvuta binti kwa kola. Mume wangu aliinama kuingiza masanduku akapiga kichwa, na dada akamwambia shemeji pole, nitaurekebisha huo mlango.

Kuanzia hapo nilikuwa mgeni, na niseme ukweli, ni kazi ngumu. Sikuruhusiwa kugusa sufuria. Nikiosha kikombe nilinyang'anywa. Kile kiti cha dirishani alikikalia yeye, akisema mwenye nyumba lazima aone nani anapita. Vile vitanda vizuri vya juu, na mito yake ya urembo, hakuna aliyevilalia. Dada alisema magodoro yamenunuliwa yatumike, tena hatukuja kulala mbalimbali, akayapanga sebuleni ukuta hadi ukuta. Tukalala wanne kwa safu chini ya boriti, mume wangu pembeni na mashine yake ya majani. Godoro langu lilikuwa linatoa pumzi polepole, na kila asubuhi niliamka kwenye sakafu ya Malkia. Dada aliniambia lile godoro ni jipya, ni mimi nimenenepa Amerika. Binti, aliyelala katikati, alianza kumjibu mama mkubwa kwa Kiswahili, si chote, neno hapa neno pale, kwa sababu dada akisemeshwa Kiingereza nyumbani kwake alikuwa anasema hajasikia.

Siku moja mwenye nyumba halisi alipita kuuliza kama maji ya moto yanafanya kazi. Mama wa Kiingereza, mzee, mwenye sauti ya upole. Dada akamfungulia, akamkaribisha ndani, akamvua koti, akamkalisha, akampa chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi. Akamweleza kuhusu yale mabomba mawili. Yule mama alisikiliza kwa makini, akala andazi la pili. Akauliza ni nani kati yetu aliyekodi, na mume wangu akamnyooshea dada kidole. Alipoondoka alimshukuru dada sana kwa kumkaribisha, na dada akamwambia apite tena wakati wowote.

Siku ya kuondoka kulikuwa na maelekezo ya mwenye nyumba ukutani, kwamba wageni watoe mashuka, wafagie, watoe taka. Nikanyanyua ufagio. Dada akanitazama mpaka nikauweka. Alifagia yeye. Alikunja magodoro yeye, akiyakalia kuyatoa upepo. Sisi tulikaa na makoti yetu kwenye ncha za viti, tumeshika masanduku. Akafunga mlango, akaujaribu kwa bega, akaurudisha ufunguo kwenye kile kisanduku, akatusindikiza mpaka stesheni. Sanduku langu alilibeba yeye. Nilipotaka kumpokea aliniuliza nimeona wapi mgeni anajibebea.

Jukwaani upepo ulikuwa unapita hadi kwenye mifupa. Alimpa binti mfuko wa maandazi kwa ajili ya njiani, akamfunga vifungo vya koti mpaka kidevuni, akamshika shemeji yake mkono. Treni ikaonekana. Akanigeukia, akainamisha macho kidogo, kama anavyofanya kila mwenyeji kwetu.

"Mtanisamehe," akasema. "Nyumba yenyewe hivyo hivyo tu. Sijui kama mmelala."

Mgongo wangu ulikuwa umepinda kama ndizi, na bega moja lilikuwa bado linatafuta lenzake.

"Tumelala vizuri sana, dada," nikasema.